Mtambo Wenye Manyapara Tisa

Siku ya chai ya kuniaga, ninyi vijana wa ofisini mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu ya leba, ya kukagua waajiri. Nilidhani ni maneno ya kuaga tu, lakini mmoja wenu amenipigia simu mara mbili kuuliza nimefika wapi, basi nimeketi. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu ulikuwa kiasi gani. Hayo yamo kwenye faili langu, kama panya hawajalifikia. Nitawaeleza jinsi nilivyojifunza kuamua ni nani anayestahili ovataimu na ni nani asiyestahili, kwa maana ndilo swali ambalo kwa muda mrefu nimewaona mkilijibu upesi mno.

Niliingia ofisi ya Kakamega mwaka wa pili baada ya Uhuru, nikiwa mpiga taipu. Taipu nilifundishwa na masista kule Mukumu, kwenye mashine ambayo herufi yake ya k ilikuwa inakwama. Jaribuni kuandika Kakamega bila k, mtaelewa kwa nini vidole vyangu vina nguvu mpaka leo.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa kupiga taipu. Fomu za serikali zilikuwa bado zimeandikwa Koloni, na zile mpya hazikuwa zimefika kutoka Nairobi. Nilipewa rula, kalamu ya wino mwekundu na marundo mawili ya fomu, nikalikata neno hilo moja moja kwa siku tatu. Juu yake niliandika Jamhuri. Siku ya nne mkono ulikataa kushika kijiko. Hivyo ndivyo nilivyoanza kulitumikia taifa.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Ezekieli Onzere, mkaguzi wa kazi. Alikuwa Mmaragoli mrefu, mwembamba, aliyeanza kama tarishi wa ofisi hiyo hiyo enzi za wazungu. Hakuandika kwa wino akiwa safarini. Alisema mvua ya Kakamega ikishuka alasiri, wino unatoka pamoja na ushahidi. Kwa hiyo aliandika kwa penseli, na mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku waliofukuzwa. Kila mstari ilinibidi nimwendee nimuulize, “Bwana Onzere, hapa umesema nini?” Naye kila mara aliacha alichokuwa akifanya, akanieleza lile neno, na kwa nini aliliandika, na sheria inasema nini juu yake. Sikuwahi kwenda chuo cha sheria. Nilisomeshwa na mwandiko mbaya.

Alikuwa na neno moja ambalo alilirudia mpaka likanichosha: “Usimuulize mtu kazi yake inaitwaje. Muulize jana alifanya nini, tangu alipofika mpaka alipoondoka.”

Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Amri ya mishahara ilikuwa imeweka saa za kazi za juma zima. Ukimfanyisha mtu kazi kupita hapo, kila saa ya ziada unamlipa mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na siku yake ya mapumziko mara mbili. Lakini Bwana Onzere aliieleza hivi: msimamizi wa kweli, yule anayeajiri na kufukuza, anayewapangia wenzake kazi na kushika madaraka mwajiri asipokuwepo, huyo hesabu ya saa za ziada haimhusu. Mwaka wangu wa kwanza Bwana Onzere aliandika tangazo la kueleza mambo hayo, mimi nikalipiga kwenye stensili, tukalisambaza kwa wenye viwanda vidogo na mitambo ya miwa. Nililipenda tangazo lile. Halikuwa na kosa hata moja la herufi.

Miezi kadhaa baadaye, Jumatatu asubuhi, aliingia mtu wa makamo, kofia mkononi, viatu vimejaa matope mekundu mpaka kwenye kamba. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo, meupe, ya kuchomwa na kitu cha moto. Alisema anaitwa Petro Wesonga, na anatoka kwenye mtambo wa sukari nguru wa Bwana Festo Namatsi, barabara ya kutoka Ekero kwenda Matungu. Sehemu ya njia alikuwa amepewa lifti na lori la mbao, sehemu nyingine ametembea.

“Nimekuja kwa ajili ya watu wangu,” alimwambia Bwana Onzere. “Tunaingianga asubuhi kabla ya jua, tunatoka jua likiwa limeshazama. Hatujawahi kulipwa ovataimu hata siku moja.”

“Mko wangapi?”

“Tisa.”

“Na wewe ni nani hapo?”

“Mimi ni nyapara.”

“Na hao wanane?”

Petro aliinama akaangalia kofia yake. “Hao pia ni manyapara.”

Bwana Onzere aliweka penseli chini. “Wote?”

“Mimi ni nyapara wa siku nyingi. Wale wengine ni manyapara wa barua. Mzee alipata karatasi kutoka serikalini, akaisoma, juma lile lile akatuita, akasema kila mtu amepanda cheo, akawapa barua. Watu walifurahi sana, bwana. Barasa alichinja ingokho, kuku mzima. Mwisho wa mwezi tulipouliza ovataimu, mzee akatuambia, nyapara halipwi ovataimu, imeandikwa.”

Bwana Onzere alinitazama, nami nikatazama mashine yangu. Karatasi kutoka serikalini ilikuwa lile tangazo langu lisilo na kosa.

Juma hilo tulikwenda. Bwana Onzere aliendesha pikipiki ya ofisi, mimi nyuma, faili tumboni ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa kawaida hakuwa akienda na mpiga taipu, lakini alitaka mashahidi tisa wahojiwe siku moja, kabla hawajapata nafasi ya kupatana au kutishwa. Alikuwa ameniandikia karatasi ya maswali. Swali la kwanza lilikuwa lile lile, jana ulifanya nini. La tano liliuliza: umewahi kuajiri au kufukuza mtu bila kumuuliza mwajiri?

Mtambo ulikuwa banda la mabati lisilo na kuta. Upande mmoja mashine ya kukamua miwa, ikipiga kelele kiasi kwamba husikii sauti yako mwenyewe. Upande wa pili makarai matatu makubwa juu ya tanuri la matope, maji ya miwa yakichemka, moto ukilishwa makapi ya miwa yaliyokaushwa. Nilikuwa nimekula sukari nguru tangu utotoni na sikuwahi kujua inatoka kwenye joto la namna ile. Nilisimama hatua kumi kutoka kwenye tanuri na bado nilihisi nyusi zangu zikikauka.

Bwana Festo Namatsi alitupokea vizuri. Alikuwa mwalimu kabla ya kununua mtambo, na alivaa miwani ambayo aliivua kila alipotaka kusema jambo la maana. Katika waajiri wote niliowajua baadaye, ndiye pekee aliyesoma tangazo letu mpaka mwisho. Alimchukua Bwana Onzere nyumbani kwake kwa chai na kumwonyesha nakala za zile barua, zote zimepigwa vidole gumba. Mimi niliachwa na wafanyakazi.

Niliketi juu ya karai lililotoboka, nikawaita mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa nyapara wa moto. Jana alifanya nini? Alilisha moto. Nani alikuwa chini yake? Hakuna. Nyapara wa maji aliteka maji. Nyapara wa miwa aliisukuma miwa kwenye mashine, na alikosa ncha ya kidole kimoja kwa sababu hiyo. Barasa, yule wa ingokho, alikuwa nyapara wa kufagia. Aliniambia bila kicheko, “Barua yangu nimeiweka kwenye sanduku la nguo za kanisani.” Nikaandika, nami sikucheka.

Tatizo lilikuwa saa. Bwana Festo alidai kazi inakwisha saa kumi na nusu alasiri, na hakukuwa na kitabu cha mahudhurio. Wanaume wale hawakuwa na saa za mkononi. Waliniambia “mpaka giza,” na mkiniletea neno kama hilo leo nitawarudishia. Nilipoona wanawake wawili wakija na vyungu vichwani nikawaacha wanaume, nikawaendea.

“Mulembe, mama. Mmeleta nini?”

“Obusuma na mboga,” alijibu mmoja, akifunua chungu cha ugali. “Ya mchana.”

“Mnaletanga mara ngapi?”

“Mara mbili. Hii, na ya jioni.”

“Ya jioni mnaileta hapa hapa?”

Alinishangaa. “Sasa tuilete wapi? Nyumbani si hayuko.”

Mtu anayetoka kazini saa kumi na nusu hapelekewi chakula cha jioni kazini. Wenzao watatu walifika nyuma yao; niliwauliza wake wote watano, wakasema hivyo hivyo, na mmoja akanionyesha kijia walichokifanya kwa miguu yao kupita shamba la Bwana Festo mwenyewe. Bwana Onzere aliposoma maelezo hayo alisema miaka yote hiyo hakuwahi kuwauliza wanawake. Ni sifa pekee niliyowahi kupewa na mtu yule, na aliisema kama anajilaumu.

Wa mwisho alikuwa Petro. Nilimwuliza jana alifanya nini, akanieleza kwa utaratibu. Alifungua banda. Aliwasha moto na yule wa moto. Alitoa povu kwenye makarai, akatia chokaa ya kuyasafisha maji ya miwa, akaonja. Alinionyesha jinsi ya kujua sukari imeiva: unachota tone, unalibana kati ya vidole viwili, unavitenganisha, uzi ukishika bila kukatika unaita watu waje kumimina. Makovu yake yote yalikuwa kwenye vidole hivyo. Alinyanyua karai na wenzake, akafagia, akafunga. Alikuwa wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka, kila siku, na Jumapili baada ya kanisa.

Nikafika swali la tano, lile la kuajiri na kufukuza. Nilipoinua macho, alikuwa ananiangalia.

“Hilo swali wenzangu wameniambia liko,” alisema. “Wao wote wamesema hapana.”

“Ndiyo, mzee.”

“Nikisema hapana itakuwaje?”

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, mwenye kusoma maswali kutoka kwenye karatasi. “Siwezi kukuambia useme nini, Mzee Petro.”

Alifikiri. Mashine ilikuwa imezimwa kwa chakula, na niliweza kusikia makapi yakipasuka motoni. “Nilimfukuza Musa,” alisema mwishowe. “Wakati wa mvua. Alikuwa analalanga karibu na tanuri, moto ungemla. Nilimwonya mara mbili, ya tatu nikamwambia nenda nyumbani usirudi. Mzee alisikia baada ya siku tatu, akasema sawa. Na huyu Barasa nilimleta mimi. Ni mimi ninawaletanga wote.”

Niliandika. Njiani kurudi, faili likiwa tumboni, nilifikiria kwamba nimeandika kwa penseli, na penseli inafutika.

Kesho yake nilipiga taipu maelezo yote tisa. Ya Petro niliyaacha mwisho. Nilipiga mpaka swali la nne, nikaruka la tano, nikaendelea na la sita. Nilijiambia kwamba mtu anayechoma vidole vyake kwenye karai hawezi kuwa bwana mkubwa wa kukosa ovataimu. Nilijiambia pia kwamba sheria ilitungwa na watu wasiojua joto la tanuri lile. Nikayaweka maelezo mezani kwa Bwana Onzere, nikaenda kununua chai.

Niliporudi alikuwa amesimama kando ya mashine yangu.

“Swali la tano halikuulizwa?”

“Liliulizwa, bwana.”

“Na yeye alijibu?”

Niliweka kikombe cha chai mezani.

“Rosalia. Alijibu?”

“Alijibu.”

“Alijua jibu lake litamfanya nini?”

“Nadhani alijua.”

Aliishika ile karatasi kwa ncha, kama kitu kilicholowa. Hakupandisha sauti. “Mtu ametembea kutoka Matungu kuja kusema. Umempa kiti, umemwuliza, amesema ukweli unaomuumiza mwenyewe. Halafu wewe umemfunga mdomo. Festo hakumfanyia hivyo.”

Niliipiga upya. Nilifanya makosa mengi, na Bwana Onzere alikaa mezani pake akingoja bila kuniharakisha. Nimekemewa na watu wengi kazini, wengine kwa matusi. Hakuna aliyewahi kuniingia kama yule aliyezungumza polepole.

Kikao kilifanyika ofisini kwetu. Bwana Festo alikuja na barua zake ndani ya bahasha ya kaki, wafanyakazi tisa wakasimama ukutani.

“Tangazo lenu linasema msimamizi halipwi saa za ziada,” alisema, miwani mkononi. “Nimewafanya wasimamizi. Wamekubali, wamepiga vidole. Nimekosa wapi?”

“Huyu nyapara wa moto,” Bwana Onzere alimwuliza, “anamsimamia nani?”

“Anausimamia moto.”

“Moto umeuajiri lini?”

Hata Barasa alicheka. Bwana Festo akavaa miwani tena. Bwana Onzere hakucheka. Alimsomea maelezo, moja baada ya jingine: alilisha, aliteka, alisukuma, alifagia. Kisha akasoma ya wale wanawake na vyungu vyao. Bwana Festo alitaka kupinga, akaangalia dirishani, akaacha. Alikuwa amefundisha darasani muda mrefu, alijua jibu likishaandikwa ubaoni halifutiki kwa kubishana.

Iliamriwa wanane walipwe saa zao zote za ziada. Walilipwa, kwa mafungu matatu, na kila fungu nilikuwapo kushuhudia. Wa tisa alikuwa msimamizi wa kweli kwa kauli yake mwenyewe, na madai yake yalikataliwa.

“Wewe ndiye uliyechukua maelezo yake,” Bwana Onzere aliniambia. “Nenda ukamweleze.”

Petro alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, peke yake. Wenzake walikuwa wameshavuka barabara, wanaongea kwa sauti kubwa kama watu waliotoka harusini. Niliketi kando yake, nikamweleza neno kwa neno. Alisikiliza bila kunikatiza.

“Kwa hivyo ningesema sikumfukuza Musa, ningelipwa.”

“Labda, mzee. Lakini Bwana Festo angemleta Musa.”

“Asingemleta. Musa alishaenda Uganda.” Aligeuza kofia mikononi. “Lakini nilimfukuza.”

“Ndiyo.”

“Na hao wanane, ni wote? Hakuna aliyebaki?”

“Wote wanane.”

“Hata Barasa?”

“Hata Barasa.”

Akatikisa kichwa kukubali. Nilidhani atainuka aende. Badala yake akaniuliza, “Sasa mtu akitaka kuacha kuwa nyapara, anafanyaje? Mnaandika barua?”

Sikujua. Niliingia ndani kumwuliza Bwana Onzere, naye akatoka mwenyewe, akasimama mbele ya benchi. “Barua haitoshi,” alisema. “Barua haikuwafanya wale kuwa manyapara, na barua haitakutoa wewe. Ni lazima uache kuifanya ile kazi. Usiajiri, usifukuze, usiamrishe. Funguo umrudishie mwenyewe. Ubaki na makarai yako. Halafu saa zako zitahesabiwa kama za wengine.”

“Na mshahara wa nyapara?”

“Utapungua. Na heshima pia, sitakudanganya.”

Petro alivaa kofia, akatushukuru, akaenda zake.

Alifanya hivyo hasa. Jumatatu iliyofuata alimkabidhi Bwana Festo funguo mbele ya watu, akajisimamisha kwenye makarai, na tangu siku hiyo hakumwambia mtu fanya hili au lile. Habari hizi nilizipata kwa Bwana Festo mwenyewe, aliyekuja ofisini mwezi haujaisha, macho mekundu kwa kuamka alfajiri.

“Serikali imeniharibia nyapara,” alisema. “Anaona nyapara wa moto amechelewa, ananyamaza. Namwuliza, Petro, kwa nini hukumwambia? Ananijibu, si kazi yangu, mzee.”

“Hiyo ni kweli,” Bwana Onzere alisema. “Si kazi yake.”

“Nimemwambia arudi. Nimemwongezea. Hataki.”

“Basi mwambie nyapara mwingine. Si unao wanane?”

Nilijifanya natafuta karatasi chini ya meza.

Lakini Bwana Festo, nimeshasema, alikuwa mtu wa kusoma. Alirudi nyumbani akalisoma tangazo letu upya, na safari hii akaona kile ambacho sisi wenyewe tulikuwa tumekiandika waziwazi: ovataimu hulipwa saa zikizidi. Akanunua saa ya ukutani, akaitundika bandani. Saa kumi na nusu ikifika anapiga chuma, moto unaachwa ufe, watu wanakwenda nyumbani. Akaweka kitabu cha mahudhurio, na nilipokikagua hakikuwa na dosari. Hakukuwa na saa hata moja ya ziada, ya mtu yeyote.

Ndipo nilipomfikiria Petro. Alikuwa ameacha cheo na mshahara wa nyapara ili apate ovataimu, na alipoipata tu ikaondolewa. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Mwajiri alikuwa anafuata sheria. Ofisi ilikuwa imefanya kazi yake. Nilipiga taipu ripoti ya kufunga faili lile na kwa mara ya kwanza nikatambua kwamba faili linaweza kufungwa vizuri na bado mtu akawa ameachwa nje yake. Nilimwambia Bwana Onzere hivyo. Alisema, “Ndiyo,” akaendelea kuchonga penseli. Nilitaka aseme zaidi. Sasa nimezeeka, na mngeniuliza ninyi, sidhani ningekuwa na zaidi.

Niliyojifunza kwenye mtambo ule nimeyatumia kila mwaka wa kazi yangu. Nimekutana na mameneja wa duka wanaolala juu ya kaunta, na madereva walioitwa maofisa wa usafiri. Wote niliwauliza jana walifanya nini. Nimekutana pia na wasimamizi wa kweli waliovaa nguo chafu kuliko vibarua wao, na hao niliwakatalia, na nilikwenda kuwaambia mwenyewe, kwenye benchi, wala sikumtuma tarishi. Ninyi sasa mna kompyuta, na fomu ina kisanduku cha cheo ambacho mashine haikubali ukipite ukiwa hujakijaza. Kijazeni. Halafu mfunike kioo, mmwulize mtu.

Mwaka uliofuata nilitumwa Ekero kwa shughuli nyingine, na siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Nilisimama kununua ndizi. Aliyekuwa anauza alikuwa mmoja wa wale wake watano niliowahoji. Alinitambua kabla sijamtambua.

“Wewe ndiye uliyeandika,” alisema.

Hapo nikajua ni nani. Alikuwa Anjelina, mke wa Petro. “Ndimi, mama. Mulembe.”

Hakuitikia. “Nilikuwa naitwa Mama Nyapara. Kanisani nilikuwa na kiti mbele. Sasa nakaa nyuma, na wake wa wale wanane.”

“Pole, mama.”

“Hiyo pole ukae nayo.” Alichukua kichane, akaanza kukata ndizi, kisu kikienda haraka. “Tuna watoto wanne. Watatu wa kwanza wamekua bila kumjua baba yao ila akiwa amelala. Huyu wa mwisho anamngojanga njiani jua likiwa juu. Jana baba yake alimwogesha. Mwanaume mzima, karaini, sabuni mpaka kwenye masikio ya mtoto, hajui hata kumshika.” Aliacha kukata, kidogo tu, kisha akaendelea. “Usifikiri nakushukuru.”

“Sifikiri, mama.”

Aliniwekea ndizi sita nilizolipia. Katika soko lile muuzaji humwongezea mnunuzi moja juu, hata kama hamjuani. Anjelina hakuniongezea. Alinipa zile sita zangu, nami nikazipokea kwa mikono miwili.